Bei ya Siku ya Mtu

Kornel alijifunza kusoma kwa karatasi za kufungia chumvi. Baba yake aliweza kumweka shule ya misheni miaka miwili tu, na miaka hiyo ilipokwisha mtoto alijua Baba Yetu, majina ya watakatifu na kuhesabu hadi elfu. Yaliyobaki aliyatafuta mwenyewe. Kila chumvi iliponunuliwa dukani Sumbawanga na kufika nyumbani kwao Kalembwe, Kornel aliikung'uta karatasi, akainyoosha juu ya goti, akasoma habari za mkutano ulioanzia kwenye kipande kingine na kumalizikia kwenye kipande ambacho hakukiona kamwe. Alipofika miaka ishirini alikuwa akisomea ukoo mzima barua zao. Alipofika arobaini alikuwa akiziandika. Hakumtoza mtu. Aliyeandikiwa alikuja siku aliyopenda na kikapu cha maharage, au hakuja, na hapakuwa na neno.

Alikuwa na sifa moja iliyomfanya aaminiwe kuliko katekista. Hakuruka msitari. Barua ikiwa na tusi, alilisoma tusi. Ikiwa na msiba, alisoma msiba, sauti ileile. Mtu asiyejua kusoma anaogopa msitari ulioachwa kuliko msitari mbaya, na Kornel alilijua hilo kwa sababu naye aliwahi kusomewa.

Ufipa ya wakati ule ilikuwa nchi ya namna yake. Miti ilikuwa michache, nyasi nyingi, na ardhi yenyewe isiyo na rutuba mpaka ilishwe kwanza. Watu waliyapindua majani na udongo wake wakayakusanya kuwa vilima vidogo, ntumba, majani yakaoza humo ndani, na juu yake wakapanda maharage, mwaka wa pili ulezi. Hiyo si kazi ya mtu na mkewe. Kwa hiyo mwanamke aliloweka ulezi, akaukausha, akausaga, akapika pombe, na siku ilipoiva majirani walifika na majembe kabla umande haujakauka. Hakuitwa mtu kwa jina. Ambaye hakuja hakuulizwa. Wazee walikuwa na neno lao: mwenye pombe hahesabu majembe. Aliyehesabu alionekana ana roho ya korosho, na mwaka uliofuata alipika mitungi yake akainywa peke yake.

Leo ukimwomba kijana akushikie ngazi upigilie bati moja, anatazama kwanza mfuko wako wa shati. Watu wanadhani ndivyo dunia ilivyokuwa tangu Adamu. Sivyo. Kuna siku tabia hiyo iliingia, na kuna mlango ilikopitia.

Mwaka 1974, mkoa ukiwa bado mchanga, amri ilifika kwamba watu wa Kalembwe wahame mlimani washuke barabarani, njia ya Mwazye, kwenye kijiji kipya kilichoitwa Tupendane. Jina lilitoka ofisini pamoja na ramani. Kalembwe ilikuwa na chemchemi chini ya mwamba, maji baridi mpaka fizi zinauma. Tupendane ilikuwa na upepo.

Wazee walikataa. Katibu kata akasema vizuri, basi watakuja mgambo na viberiti. Usiku mmoja haukupita kabla wazee hawajakwenda kwa Kornel kumuuliza karatasi zinasemaje. Safari hii Kornel alikuwa na gazeti zima, si kipande cha chumvi, na gazeti lilisema kila kijiji cha ujamaa kitafikishiwa maji karibu na nyumba. Alilisoma mara tatu. Kesho yake akasimama mbele ya watu.

"Twendeni," alisema. "Maji yatatufuata. Kiangazi cha pili hakitatukuta tunateka huku mlimani. Nasema mimi Kornel."

Watu wakahama. Hawakuhama kwa ajili ya katibu kata. Mgambo wangewaunguzia nyumba, na wengine wangekimbilia porini. Walihama kwa neno la mtu asiyeruka msitari.

Jioni mkewe, Kristiana, alikuwa akifunga vyungu kwa majani ya mgomba wasivunjike njiani.

"Umeahidi maji ya nani, Baba Zita?"

"Ya serikali."

"Na kichwa kitakachoyabeba mpaka yafike ni cha nani?"

Kornel akamshikia chungu. Kiangazi cha kwanza, cha mwaka 1975, kilimjibia. Kila alfajiri, Juni na Julai, upepo ukikata masikio, wanawake wa Tupendane walipanda kilomita nne hadi chemchemi yao ya zamani na kushuka kilomita nne na debe kichwani. Kristiana alikuwa ameanza kuumwa kiuno. Alikwenda akiwa amejifunga kanga kwa nguvu tumboni, na kila alipopita mbele ya mume wake hakusema kitu, jambo ambalo Kornel aliliona baya kuliko kusema.

Walimchagua katibu wa kamati ya maji. Nani mwingine? Akapanda lori la maharage hadi Sumbawanga kumwona mtumishi wa idara, ambaye watu walimwita Bwana Maji. Alikuwa kijana wa Kinyakyusa aliyeletwa kutoka Mbeya, Asajile, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. Alikuja Tupendane na darubini yake ya miguu mitatu, akapima mteremko kutoka mwambani mpaka kijijini, akatabasamu.

"Mungu amekwisha fanya nusu ya kazi, Mzee Kornel. Maji yatashuka yenyewe. Hakuna mashine, hakuna dizeli. Tunajengea chemchemi, tunapanda miti kuizunguka isikauke, tunachimba mtaro, tunalaza mabomba, tunajenga tangi. Shilingi elfu themanini."

"Na hizo zitashuka zenyewe?"

Asajile akacheka, kisha akamweleza njia tatu za kupata fedha. Ya kwanza, kupanga foleni ya serikali na kupata bure; Tupendane ingekuwa ya sitini na tatu, na mwaka ule wilaya ilikuwa imemaliza vijiji vinne. Ya pili, mkopo wa benki, riba nane na nusu kwa mia, dhamana ikiwa shamba la ujamaa. Ya tatu, mfuko wa wafadhili wa nje: kijiji kikionyesha kimetoa robo, wao wanatoa robo tatu, wala hawadai kurudishiwa.

Kornel aliomba karatasi akakaa barazani mwa ofisi, akapiga hesabu kama alivyojifundisha, polepole, akinyanyua midomo. Foleni ilikuwa miaka kumi na tano. Kristiana asingekuwa na kiuno cha kungojea. Mkopo, riba ya mwaka wa kwanza peke yake ilikuwa elfu sita na mia nane, na shamba la ujamaa, katika mwaka wake wa kwanza, nao mzuri, lilikuwa limetoa maharage ya elfu saba na mia mbili. Ingebaki mia nne ya kupunguzia deni la elfu themanini. Kornel aliwaza wajukuu wake wakilima maharage ya riba, akakunja karatasi.

Ilibaki njia ya tatu. Robo ilikuwa elfu ishirini. Kijiji hakikuwa na elfu ishirini, hakikuwa hata na elfu mbili. Lakini kilikuwa na watu mia mbili na hamsini wenye mikono, na fomu ilikuwa na ukurasa wa nguvu kazi. Kornel akaondoka amesimama wima. Kama ni kazi, Wafipa hawana deni na mtu.

Aliijaza fomu ile siku tatu. Aliandika idadi ya watu, siku ishirini kila mmoja, mawe, mchanga, miche, hata mitungi ya pombe. Mwishoni palikuwa na safu iliyoandikwa Thamani, Shilingi. Hapo akachora msitari kutoka juu hadi chini. Haikuwa uvivu. Aliikalia safu ile kwa muda mrefu, na kila alipotaka kuandika tarakimu aliona uso wa jirani yake amesimama na jembe. Ukimpa jirani aliyekuja kulima kwako fedha mkononi, atazitupa chini na kwenda zake. Umemfanya kibarua. Kwa hiyo alichora msitari na kupeleka.

Baada ya miezi miwili fomu ilirudi. Juu yake, kwa wino mwekundu: Mchango wa kijiji, sifuri.

Kornel akalidandia tena lori.

"Shikamoo, Mzee Kornel."

"Marahaba. Nimekuja kuuliza sifuri hii ni ya nani."

Asajile akamvutia kiti. "Ya kijiji chako. Na mimi imeniuma."

"Watu mia mbili na hamsini, siku ishirini, mawe juu, mchanga juu. Unaita sifuri?"

"Siiti mimi. Wenye fedha wako mbali, mzee. Hawajui pombe ya ulezi. Wanajua tarakimu. Pasipo na tarakimu kwao hakuna mtu."

"Hao hawana majirani?"

"Wanao. Labda hawalimiani." Asajile akaisogeza fomu mpya mezani. "Kibarua wa barabara analipwa nne kwa siku. Andika nne. Mia mbili na hamsini, mara siku ishirini, mara nne."

Kornel alikuwa amekwisha fanya hesabu kichwani. "Elfu ishirini."

"Robo kamili. Kama imekatwa kwa kisu."

"Na mimi nitawapa nini watu hao?"

"Huwapi kitu. Hakuna fedha inayotoka wala kuingia. Ni thamani ya karatasi tu." Kisha akaongeza, na huo ulikuwa wema: "Safu hiyo, mzee, si lazima uisome mkutanoni."

Kornel aliandika nne. Aliiandika ndogo, kama mtu anayetema mate kwa kificho.

Fedha zilikubaliwa mwezi wa Machi mwaka 1976. Barua ilifika na sharti moja: kwa kuwa nguvu kazi imethaminiwa, pawepo daftari la mahudhurio, jina kwa jina, likaguliwe kila mwezi. Mwenyekiti wa kijiji, Marselino, mtu mnene aliyependa mikutano, akaitisha mkutano. Kornel akasimama kusoma makubaliano.

Alikuwa na muda wa kufikiri. Toka lori liliposhuka mlima alikuwa akifikiri. Angeweza kufunua kurasa mbili kwa pamoja, na nani angejua? Lakini mbele yake walikaa watu aliowasomea barua za wafu wao, na jicho lake lilipofika kwenye safu ile ulimi haukujua kuruka. Akasoma: "Siku moja ya mtu, shilingi nne. Siku ishirini, shilingi themanini. Jumla ya watu wote, shilingi elfu ishirini."

Eustaki akanyoosha mkono. Eustaki alikuwa kaka yake Kristiana, shemeji mtu, mcheshi ambaye bila yeye pombe haikunoga.

"Shemeji, rudia hapo kwenye themanini."

Kornel akarudia.

"Yaani mimi hapa nilivyokaa nina themanini?"

Watu wakacheka.

"Ziko wapi? Maana nimejipapasa sizioni."

"Ni thamani ya kazi yako," Kornel alisema. "Imehesabiwa kuwa mchango."

"Kwa hiyo nimekwisha zitoa."

"Umekwisha zitoa."

"Zimetoka mfukoni mwangu, zimefika Sumbawanga, wala sikuziona zikipita. Shemeji, huu mfuko una tundu gani?"

Walicheka tena, lakini safari hii baadhi hawakucheka. Mzee mmoja nyuma akauliza, bila mzaha, kama katibu naye ana themanini zake au anazo zaidi. Marselino akagonga meza, akasema kazi ni uhai, akafunga mkutano. Watu walitawanyika makundi-makundi, na Kornel alisikia tarakimu ikitembea nao kuelekea nyumbani. Nne. Nne. Tangu nchi ile iumbwe hakuna aliyejua siku yake ni kiasi gani. Sasa kila mtu alijua, na aliona ni kidogo, na aliona kuna mwingine anayekula.

Mabomba yalifika Julai, zaidi ya mia sita, yakapangwa kando ya ofisi ya kijiji. Watoto wakayapigia kelele midomoni. Siku ya kwanza ya mtaro Dominika, mpishi wa pombe asiye na mpinzani, alitoa mitungi saba, na watu mia na tisini wakafika. Ilikuwa karibu iwe kama zamani. Majembe yalipanda na kushuka, wanawake wakaanza wimbo. Kisha Kornel akatoa daftari.

Hakuna njia ya heshima ya kufanya kitu kile. Alipita kandokando ya mtaro akiandika, na kila alipomfikia mtu, jembe la mtu huyo lilisimama. Wimbo ukakatika kipande kwa kipande, kama kamba iliyooza. Alipofika kwa Eustaki, shemeji alikuwa ameegemea mpini.

"Unahesabu majembe?"

"Ni daftari la Sumbawanga, Eustaki. Siyo langu."

"Mkono unaoandika ni wa nani?"

"Wangu."

"Basi niandike vizuri. Andika leo Eustaki ametia jembe mara mia tatu. Nikifika mia tatu na moja nitakuwa nimeiba mali yangu mwenyewe."

Alichimba mpaka jua lilipofika utosini, akaomba aone jina lake, ingawa hakujua kusoma, akalishika kwa kidole, akaenda. Wengine wakafanya vivyo hivyo. Hakuna aliyekuwa amewahi kuondoka kwenye kazi ya pombe kabla ya pombe.

Siku ya pili walikuja mia na ishirini. Wiki ya pili, arobaini. Kornel alikwenda kwa Dominika kuomba mitungi mingine.

"Kwa ajili ya nani?" Dominika aliuliza, hajainuka kwenye jiwe lake la kusagia.

"Wachimba mtaro."

"Walioandikwa?"

"Ndiyo, mama. Ni lazima waandikwe."

"Walioandikwa wanywe wino."

Marselino akaleta dawa yake, ambayo ndiyo dawa pekee aliyokuwa nayo: faini ya shilingi ishirini kwa asiyefika wiki nzima, na mgambo wawili wa kuikusanya. Alidhani wataogopa. Ndipo Kornel alipoona jinsi tarakimu inavyokua ikishapandwa. Wenye ng'ombe waliuza kuku, wakalipa ishirini zao na kukaa nyumbani wakiota jua. Eustaki alilipa mbele ya watu, akidondosha noti kama sadaka.

"Nimenunua siku zangu," alisema. "Sidaiwi na mtu."

Kabla ya hapo hakuna aliyewahi kununua kitu cha namna hiyo. Zamani mtu akikosa kufika kulimia wenzake alibaki na aibu, na aibu ilimleta mwenyewe mara ya pili na jembe kubwa zaidi. Sasa aibu ilikuwa na bei, na bei ililipika. Maskini peke yao ndio waliobaki mtaroni, wakichimba kwa uso wa mfungwa, na maskini hawakutosha.

Kornel alichimba. Daftari aliliweka juu ya jiwe, akachimba kutoka asubuhi hadi macho hayaoni, peke yake siku nyingine, pamoja na Kristiana siku nyingine, akisharudi kutoka mlimani na debe. Mtu mmoja katika udongo ule mgumu wa kiangazi anakwenda hatua mbili, tatu kwa siku. Alijua hesabu yake. Zilihitajika hatua elfu nne na zaidi.

"Acha, Baba Zita," Kristiana alimwambia siku moja. "Unachimba kaburi refu."

"Niliahidi."

"Uliahidi peke yako. Maji hayakuwepo siku ile mkiongea."

Mwanzoni mwa Oktoba Asajile alikuja na mkanda wa kupimia. Mtaro ulikuwa mita elfu moja na mia moja, nao ulianza kubomoka kingo. Alitembea hadi mwisho wake na kurudi bila kusema. Mvua zilikuwa zimebaki wiki tatu, na waliotoa fedha walitaka maji yaonekane yakitoka kabla ya mvua. Upande wa Kizwite kulikuwa na kijiji ambacho mtaro wake ulikuwa tayari na mabomba hayakutosha.

"Nitaandika kwamba ardhi ilikuwa ngumu," Asajile alisema.

"Andika kilichokuwa," Kornel alisema.

"Kilichokuwa hakina safu, mzee."

Malori mawili yalikuja siku ya Alhamisi kuyahamishia mabomba huko. Dereva alihitaji watu wa kupakia, na kwa kazi hiyo ofisi ilikuwa na fungu lake: shilingi tano kwa kila mpakiaji, taslimu, hapohapo. Mgambo hawakutumwa popote. Kabla injini hazijapoa walikuwapo wanaume arobaini, mikono imekunjwa, wengine ambao Kornel hakuwa amewaona tangu siku ya mitungi saba. Walifanya kazi nzuri. Kazi safi, ya watu wanaojua kupokezana, mmoja akiinua kichwa cha bomba mwingine mkia, wakaitikiana kwa mzaha, na kabla ya saa sita uwanja ulikuwa mweupe. Walipanga mstari, wakalipwa, wakatia kidole gumba kwenye wino. Asajile hakuweza kumtazama Kornel.

"Ni fedha za usafirishaji, mzee. Kwenye mtaro sikuwa na fungu kama hilo."

"Ungekuwa nalo wangechimba?"

"Naona wangechimba."

"Na lingekwisha, nani angezibua bomba likiziba?"

Asajile akampa kalamu. Kornel akasaini kwamba mabomba yametoka yakiwa kamili.

Baadhi ya familia zilirudi Kalembwe kimyakimya mwaka uliofuata, wakajenga vibanda wakiviita vya shamba. Kornel hakurudi. Hakuna aliyemlaumu mbele yake, na hakuna aliyemletea tena barua. Walimpelekea mwalimu mpya wa shule, aliyetoza senti hamsini kwa ukurasa, na wakasema angalau yule unajua unampa nini.

Kiangazi cha mwaka 1977 kiuno cha Kristiana kilikataa kabisa. Kornel akachukua madebe mawili, akayafunga kwenye mti wa kubebea begani, akapanda mlimani mwenyewe. Wanaume wa Kifipa hawakuteka maji wakati ule. Alipopita, walikohoa, na mmoja akamsalimu kwa salamu ya wanawake. Akaenda kesho yake, na keshokutwa. Mwezi ulipokwisha walichoka kucheka.

Asubuhi moja Eustaki alikuwa akimngojea penye njia panda, amevaa koti, na debe tupu miguuni. Mkewe alikuwa amejifungua juzi.

"Shikamoo, shemeji," alisema, ingawa walikuwa marika, na Kornel akajua anataka kitu.

"Sema."

"Kwangu hakuna wa kwenda mlimani. Nina wageni wa uzazi." Akatoa mkono mfukoni. Katika kiganja palikuwa na sarafu ya senti hamsini. "Sitaki kukutumia bure. Uniletee debe moja."

Kornel aliyatua madebe yake. Aliitazama sarafu ile kwa muda. Miaka mitatu nyuma Eustaki asingesema neno. Debe lingekuwa mlangoni pake kabla mtoto hajalia mara ya pili, na Eustaki asingeshukuru, maana nani anashukuru kwa kitu kama hicho. Kornel alimwangalia shemeji yake usoni akitafuta kama ni mzaha. Haukuwa mzaha. Eustaki alikuwa anamfanyia adabu, adabu mpya, ile waliyofundishwa.

Kornel akapokea, akaitia mfukoni, akachukua debe la tatu.

"Kesho nitataka mawili," Eustaki alisema. "Utanipunguzia?"